Maji Yalifika Wapi

Pale ofisi ya mipango ya wilaya walimwita Pimamaji, na jina lenyewe alipewa kwa utani. Pimamaji, kama ujuavyo, ni kile kifaa cha mwashi chenye kichupa na kiputo ndani. Ukikilaza juu ya ukuta, kiputo kinakimbia huku na huku mpaka ukuta unyooke. Na mama huyu alikuwa hatulii, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akikaa kitini dakika mbili, ya tatu yuko dirishani. Akiwa dirishani anakumbuka kikombe alichokiacha mezani, anakwenda kukiosha, na njiani anasimama kuuliza wenzake kama kule mlimani kumeonekana wingu. Isitoshe, kazi yake ilikuwa kweli kupima maji, tena maji ambayo hayapo.

Kazi ilikuwa hivi. Miaka mitatu nyuma mto ulifurika, ukabeba nusu ya mtaa wa chini. Baada ya maneno mengi na vikao vingi, wilaya ikaamua kuandaa mpango: wapi pajengwe na wapi pasijengwe, mlima unaolisha mto ule ulindwe vipi, na majitaka ya mji yaende wapi mvua inapozidi. Mpango unataka ramani, na ramani inataka kujua maji yalifika wapi. Vipimo vya siku ile havikuwepo, kwa sababu nguzo ya kupimia mto ilichukuliwa na mto wenyewe. Ikabidi mtu aende nyumba kwa nyumba, aulize, atafute alama ya tope ukutani, apime kutoka sakafuni, aandike kwenye fomu.

Mhandisi wa mipango alimwajiri kwa miezi sita. Pimamaji alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mjane, mama wa binti mmoja muuguzi aliyeolewa ng'ambo ya mto. Maisha yake yote alikuwa mshonaji. Kibanda chake cha kushonea kilikuwa hatua thelathini kutoka ukingoni, na sina haja ya kueleza kilikwenda wapi.

"Mimi nimepima viuno vya mji huu mzima," alimwambia mhandisi siku ya mahojiano. "Ukuta hautanishinda. Ukuta hauvuti tumbo ndani."

Mhandisi alikuwa mtu wa maneno machache na miwani mizito. Alicheka mpaka akaivua, akamwandikisha siku hiyo hiyo.

Wiki za kwanza alizimalizia mtaa wa chini, na huko kazi ilikuwa nyepesi. Anapiga hodi, anakaribishwa, anauliza: "Maji yalifika wapi?" Hakuna aliyehitaji kufikiri. Fundi baiskeli alimwonyesha mstari wa kahawia juu kidogo ya swichi ya taa. Bibi mmoja alimpeleka mpaka kwenye picha ya mumewe ukutani. "Yalifika hapa," akasema, "yakamlowesha marehemu ndevu, yakaridhika." Pimamaji alichora mstari wa chaki, akapima, akaandika: sentimita mia na arobaini na mbili. Kisha akatoka nje kupima kizingiti kimeinuka kiasi gani juu ya barabara, maana ukisahau kizingiti, hesabu yote imeharibika.

Kila siku kabla ofisi haijafungwa, mhandisi alichoma pini kwenye ramani kubwa iliyofunika ukuta mzima, na kila pini ilikuwa nyumba moja. Kadiri nyumba zilivyokuwa mbali na mto, maji yalipungua, mpaka kwenye barabara ya sokoni yakaisha kabisa. Mhandisi alirudi nyuma hatua mbili, akatazama kazi yake kama mtu anayetazama gari lake jipya.

"Unaona, Mama? Zinashuka kama ngazi. Maji hayadanganyi."

Pimamaji aliona, lakini hakupendezwa. Ng'ambo ya soko, ramani ilikuwa nyeupe, na ndani ya weupe ule mlikuwa na mtaa wa dada yake.

Siku ya mafuriko yeye alikuwa kwa binti yake. Daraja lilifungwa siku mbili. Alipovuka hatimaye, alipita kwanza kwa dada yake, akamkuta uani anafua. Kamba zote tatu zimejaa nguo, magodoro yameegemezwa ukutani, na harufu ya dawa ya madoa inakata pua.

"Mvua tu," dada yake alimwambia bila kuinua kichwa. "Paa limevuja."

Akaamini, au hakuwa na nafasi ya kutoamini. Alikuwa na kilio chake cha kibanda na cherehani mbili, habari zake zilimfikia akiwa bado ng'ambo. Lakini tangu siku ile kitu kilikuwa kikimkera, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Paa gani linavuja mpaka chini ya magodoro?

"Nataka kwenda kupima kule juu," alimwambia mhandisi.

"Kule hakuna kitu, Mama. Ni mbali na mto, tena ni juu."

"Basi nikapime hicho ambacho hakipo."

Mhandisi alipunga mkono, maana yake nenda.

Mtaa ule ulikuwa na nyumba kumi na nne, saba huku na saba kule. Ukisimama mwanzoni unaona njia imenyooka, lakini ukiangalia maji ya kufulia yanakimbilia wapi, utagundua kwamba katikati imebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Nyumba zote zilikuwa zimepakwa rangi, na kila moja ilikuwa na rangi ya mafuta kutoka chini hadi kiunoni, inang'aa.

"Maji yalifika wapi?" aliuliza nyumba ya kwanza, kwa karani mstaafu.

"Maji gani?"

"Ya miaka mitatu iliyopita."

"Ah, yale. Huku hayakufika. Sisi tuko juu." Karani alitabasamu, kisha akalifunga tabasamu haraka, kama mtu anayefunga droo.

Nyumba ya pili walijibu hivyo hivyo. Nyumba ya tatu mwenyeji alimpa kiti, naye kwa kawaida yake hakukikalia. Akasimama karibu na friji. Ndipo akajikuta anatazamana na friji uso kwa uso. Ilikuwa ndogo, ya mlango mmoja, lakini mpini wake ulikuwa usawa wa paji la uso wake. Akainama kidogo. Chini yake kulikuwa na matofali, mistari minne, yamepangwa vizuri na kufunikwa kwa kitambaa cha kufuma.

Nyumba ya nne aliona kitanda ambacho mbele yake kumewekwa kigoda cha kupandia.

"Mama, kitanda kimekuwa ghorofa?"

"Mgongo," mwenye kitanda akajibu. "Daktari alinikataza kulala chini."

Nyumba ya tano kabati limepandishwa. Mgongo. Nyumba ya sita gunia la unga limekaa juu ya meza, na meza iko juu ya matofali. Mgongo pia, ingawa hakusema mgongo wa nani. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unaumwa mgongo.

Akaanza kuangusha kalamu. Kila nyumba kalamu inaanguka, anainama kuiokota, na futi inapita haraka kando ya matofali. Kisha nje, kizingiti. Alipomaliza nyumba kumi na tatu, alikaa kwenye jiwe njiani akajumlisha na kutoa. Kumi kati yake zilikuwa na matofali. Sakafu zao hazilingani, nyingine ziko chini na nyingine juu, lakini ukiweka sakafu kwenye hesabu, vilele vya matofali yote vilikuwa usawa mmoja, kama uso wa meza. Watu hawapatani hivyo kwa bahati. Hata mstari wa harusi haunyooki namna ile.

Akasimama. Nyumba aliyoiacha kwa mwisho, pale bondeni, ilikuwa ya dada yake.

Dada alimzidi miaka tisa, na mama yao alipofariki ndiye aliyemlea. Miaka thelathini alikuwa msimamizi wa dobi la hospitali, mwanamke ambaye shuka likipita mikononi mwake na doa, lilirudi kwenye sufuria hata kama zamu imeisha. Kiinua mgongo chake alikijengea vyumba sita vya kupangisha nyuma ya nyumba. Alimpokea mdogo wake mlangoni, mikono imekunjwa.

"Umekuja kama mdogo wangu, au umekuja kama wilaya?"

"Nimekuja na yote mawili. Dada, maji yalifika wapi?"

"Kaa kwanza."

"Sitaki kukaa."

"Ni lini uliwahi kukaa? Hata tumboni ulitoka kabla ya mwezi wako."

Pimamaji alikuwa ameshaingia mpaka sebuleni. "Friji yako imerefuka," alisema.

"Panya."

"Majirani zako wote wana migongo, wewe una panya?"

Dada hakucheka. Alichukua kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kosa lolote, akakikunja mara mbili, akakikunja tena. "Mdogo wangu, nyumba hii ndiyo mkono wangu wa kulia. Ukiipaka wekundu wa hatari kwenye ramani yako, nani atapanga humu? Na si hilo tu." Pimamaji alisubiri, akihama kutoka mguu huu kwenda mwingine. "Kunja hiyo futi," dada akasema. "Nenda nyumbani kwako."

Getini alimkuta msusi, mpangaji wa chumba cha kwanza, amechomeka kitana kichwani na mtoto wake wa miaka minne anamshika sketi. Wapangaji walimwita mwenye nyumba Mama, kwa hiyo mdogo wake walimwita mama mdogo.

"Mama mdogo," msusi alinong'ona. "Tazama mifuniko."

"Mifuniko gani?"

Msusi alielekeza kidevu njiani, akarudi ndani.

Ilikuwa mitano, ile mifuniko ya chuma ya mashimo ya bomba la majitaka, imepita katikati ya mtaa. Juu ya wa kwanza kulikuwa na ringi ya gurudumu la lori. Juu ya wa pili, jiwe la kusagia. Wa tatu na wa nne ilikuwa na mabonge ya zege, na wa tano, ule wa bondeni mbele ya nyumba ya dada, ulikuwa na injini nzima ya gari bovu. Alikuwa amepita hapo mara mia, akidhani watu wanazuia wezi wa vyuma. Sasa alijiuliza kama watu wale hawakuogopa kitu kuingia. Labda waliogopa kitu kutoka.

"Matofali si ushahidi, Mama," mhandisi alimwambia asubuhi iliyofuata. "Mtu anaweza kupandisha friji yake kwa sababu zake."

"Watu kumi na moja? Kwa usawa mmoja?"

"Kwenye fomu niandike nini? Chanzo cha taarifa: friji?" Hakuwa anamdhihaki, alikuwa amechoka. Mpango ulitakiwa mezani kwa madiwani mwisho wa mwezi, na ramani ilikuwa tayari imepelekwa kuchapwa. "Mto hauwezi kuruka soko, uache soko kavu, ukatue kule. Nionyeshe maji yalikopita, nitaamini."

Pimamaji alitoka. Alifika stendi, akaona atasubiri, kusubiri hakuweza, akaenda kwa miguu mpaka bomba la majitaka linakoishia. Chini kabisa ya mji kulikuwa na mabwawa manne ya majitaka, yamezungukwa na matete na ndege weupe. Mlinzi wake aliitwa Mzee wa Mabwawa ingawa hakuwa amefika miaka arobaini na tano. Aliyazungumzia mabwawa yake kama mfugaji anavyozungumzia ng'ombe: la kwanza lina njaa siku zote, la pili lina gesi, la nne limetulia, halina neno.

"Siku ya mafuriko ulikuwepo?" Pimamaji alimuuliza.

"Nilikuwepo peke yangu."

"Hapa palikuwaje?"

Mzee wa Mabwawa alimtazama kwanza, kama anayehakikisha kwamba swali ni lake. "Miaka mitatu," alisema, "wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Alimpeleka mpaka kwenye mdomo wa bomba, pale maji yaliyosafishwa yanapoingia mtoni. Siku ile, alieleza, mto ulipanda ukaufunika mdomo huu kabisa. Maji ya mabwawa hayakuwa na pa kwenda. Wakati huo huo kule juu mlima umenyolewa kama kichwa cha askari mpya, hakuna mti wa kuzuia chochote, mvua imeteremka yote kwa mkupuo. Na watu wa mitaa ya juu, badala ya kuchimba mifereji ya mvua, waliunganisha maji ya mapaa yao na bomba la vyoo.

"Sasa bomba limeshiba juu, na huku chini limezibwa mdomo. Litafanya nini?"

"Litatapika," Pimamaji alisema.

"Litatapikia katikati, kwenye bonde la kwanza litakaloliona. Nilipiga simu ofisini mara tatu, haikupokelewa. Baadaye nikadhani kila mtu anajua."

Alirudi karibu anakimbia. Mchana huo huo mhandisi alitoka naye, akabeba darubini yake ya kupimia ya miguu mitatu, akapima mtaa wa dada kwa saa mbili. Watu walitazama kupitia mapazia. Mwishowe akaondoa ringi ya lori, akafungua mfuniko, akamulika tochi. Ndani, juu kabisa, kwenye kingo za shimo ambako majitaka hayapaswi kufika kamwe, kulikuwa na matambara na karatasi zimegandamana, zimekauka.

Mhandisi alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ramani inarudi," alisema. "Na mimi wakubwa watanisema mpaka masikio yang'oke."

Mkutano wa wananchi ulifanyika Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa shule. Madirisha yalifunguliwa yote na bado watu walikuwa wanajipepea kwa nakala za mpango. Dada alikaa mstari wa mbele, amevaa nguo nyeupe isiyo na mkunjo. Mhandisi alionyesha ramani mpya. Watu wa mtoni waliona wekundu wao, wakaguna, walishauzoea. Lakini ulipotokea wekundu mwingine, peke yake, ng'ambo ya soko, kama doa la wino, ukumbi ulilipuka.

"Huku maji hayakufika!" Karani mstaafu alikuwa wima. "Mnatafuta sababu ya kutubomolea!"

"Ulizeni mtu yeyote wa mtaa wetu!" mwingine akaunga mkono.

Mhandisi alijaribu kueleza habari za bomba, sauti ikamezwa. Akamgeukia Pimamaji. "Mama, njoo uwaeleze ulichokiona."

Alikwenda mbele. Maneno alikuwa ameyapanga tangu alfajiri: matofali, mifuniko, usawa wa meza. Akamwona dada yake anatazama mikono yake mwenyewe, imelala mapajani, kiganja juu ya kiganja. Hapo akaelewa kwamba akitaja matofali mbele ya watu, atakuwa amemvua dada yake nguo ukumbini. Maneno yote yakamkimbia. Alishika kona ya meza, akaiachia, akaishika tena.

"Mimi siku ile sikuwepo," akasema. "Nilikuwa kwa binti yangu, ng'ambo. Daraja lilifungwa. Sijui mliona nini. Mimi nimepima tu. Kama nimekosea, wallahi nitafurahi. Niambieni nimekosea wapi, nifute."

Akarudi kukaa. Kisha msusi akasimama nyuma, mtoto begani.

"Hujakosea, mama mdogo." Akakohoa, akaendelea. "Watu wa mtoni walipewa pole na mablanketi, na ilikuwa haki yao. Sisi tulifunga milango, tukafua, tukapaka rangi. Mafuriko ni msiba, jamani. Lakini yale yaliyotufika sisi, ukiyataja watu wanaziba pua. Nani atakuja kusukwa kwenye chumba kile akijua? Huyu mtoto aliharisha wiki tatu. Mpaka leo wingu likikusanyika, nasikia ile harufu, hata kama haipo."

Mtu mmoja huko nyuma alicheka. Alijikuta anacheka peke yake, akaacha. Kisha akasimama yule mama wa kitanda cha ghorofa. "Mgongo wangu ni mzima," alisema. "Haujawahi kuniuma." Na baada yake mwingine. Karani mstaafu alikaa polepole, akaweka uso viganjani. Kufika saa sita walikuwa wamesema watu tisa. Pimamaji alipogeuka kumtafuta dada yake, kiti kilikuwa kitupu na mlango wa pembeni unacheza.

Mpango ulipita, umechelewa mwezi mmoja, na kurasa zake zimeongezeka. Uliagiza mlango kwenye mdomo wa bomba, ule unaotoa maji nje lakini hauruhusu mto kuingia. Uliagiza mitaa ya juu itenganishe maji ya mvua na ya choo. Uliagiza mlima upandwe miti na kuchimbwa makingamaji, na kulima kukomeshwe kwenye chemchemi. Hakuna nyumba iliyobomolewa mtaani isipokuwa pale bondeni kabisa, ambapo palihitajika nafasi ya bwawa la kupokea maji yanayozidi. Pale bondeni palikuwa pa dada: nyumba yake na vyumba vitatu vya mbele.

Miezi minne dada hakusema naye. Pimamaji alituma salamu kupitia msusi, na msusi alirudi na jibu lile lile: "Anasema zimefika." Mara mbili alikwenda mwenyewe, akasimama getini, akasikia redio inapunguzwa sauti ndani, akaondoka. Ofisini mkataba wake uliongezwa mwaka mmoja, akapongezwa, akakaa kitini na barua mkononi kwa muda mrefu mno, mpaka wenzake wakauliza kama anaumwa. Nyumbani alifagia pasipo na taka. Binti yake alimpigia simu, akamwambia: "Mama, unapumua kama mtu aliyepanda ngazi. Kaa chini." Alikaa, akasimama.

Jumapili moja mchana alisikia mkokoteni mlangoni. Dada alikuwa nyuma yake, na juu ya mkokoteni kulikuwa na masanduku mawili, pasi, na ile friji imefungwa kamba.

"Nimekuja," dada alisema. "Usiniulize."

Hakumuuliza. Walibeba vitu, wakala, wakaosha vyombo. Alasiri dada alichomeka pasi, akaanza kunyoosha mashuka ya mdogo wake, ambayo kwa maoni yake yalikuwa aibu. Alikuwa kwenye shuka la tatu alipoanza kusema, macho kwenye pasi.

"Yalianza saa tatu asubuhi. Niliona mfuniko unacheza, kama kifuniko cha sufuria. Nikadhani macho yangu. Kisha ukaruka. Msusi alikuwa amekwenda dukani, asiweze kurudi, mtoto ameniachia mimi, hata kutembea hajaanza. Nilipanda naye kitandani. Yakaja mpaka godoro likaelea, nikasimama juu ya ubao wa kitanda, nimeshika dari kwa mkono mmoja. Nikasimama mpaka saa kumi. Chini yangu ni vinyesi vya mji mzima, mdogo wangu. Vinagonga miguu. Nilimwimbia yule mtoto nyimbo zote ninazozijua, zikaisha, nikamwimbia orodha ya wodi za hospitali."

Pimamaji alikuwa amesimama katikati ya chumba, hajasogea.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja umelia mpaka macho yamevimba kwa ajili ya kibanda chako. Nikuambie nini? Miaka thelathini nimefua mashuka ya hospitali, hakuna aliyewahi kuona doa. Nikuambie na mimi nilinuka?" Aligeuza shuka. "Pale ukumbini nilitaka kusimama. Miguu ilikataa. Kilichoniuma si ramani yako. Kilichoniuma ni kwamba alisimama mpangaji, mimi nikatoroka."

Pimamaji alikwenda akashika ncha mbili za shuka. Dada akashika nyingine mbili. Walilikunja, wakasogeleana, ncha zikakutana, na dada hakuziachia mara moja.

Kuishi pamoja haikuwa rahisi. Mmoja hatulii, mwingine hastahimili kitu kilicho upande. Na mambo ya mpango yalikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mlango wa bomba uliwekwa mapema, na Mzee wa Mabwawa aliupaka grisi kila Ijumaa kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Mitaa ya juu, nusu walitenganisha maji yao na nusu waliahidi. Vuli ya kwanza, bondeni mfuniko ulicheza kidogo na maji yakafika vifundoni, lakini pale hakukuwa na kitanda cha mtu tena, kulikuwa na shimo la bwawa lililochimbwa robo tatu. Msusi alikuwa amehamia chumba cha nyuma, upande wa juu, na wateja wake walimfuata wote isipokuwa wawili.

Aliyeshangaza watu ni dada. Mtaa ulipotakiwa kutoa mwakilishi wa kamati ya mlima, alinyoosha mkono mwenyewe. Tangu hapo kila mwezi alivaa viatu vya mpira akapanda kukagua miche, na mche uliokauka alitaka aelezwe umekauka kwa nini, na nani alikuwa zamu. Mhandisi alikiri kwamba anapokea simu zake akiwa amesimama.

Siku moja ya mwanzo wa masika, dada akiwa huko juu, wingu lilifunika mlima kuanzia saa nane. Pimamaji alilitazama dirishani. Akaweka maji ya chai. Akalitazama tena. Matone ya kwanza yalipogonga bati, alizima jiko, akafunika birika, akaenda chumbani, akarudi, akasahau alichofuata, akachukua mwavuli.

Walikutana katikati ya njia ya mlimani. Dada alikuwa anateremka taratibu, amelowa mabega, tope mpaka magotini, na mkononi ana daftari la kamati ndani ya mfuko wa plastiki.

"Unakwenda wapi na mvua hii?" dada alifoka.

"Nimekuja kukupokea."

"Mimi ni mgeni? Jiko umezima?"

"Nimezima."

"Na mlango?"

Pimamaji aligeuka kutazama njia aliyotoka. Hakukumbuka. Dada alimtazama, akatikisa kichwa, akamshika mkono, na wote wawili wakaanza kuteremka haraka chini ya mwavuli mmoja.